MNGURUMO SI MAFUTA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Katika toleo hili nimewaachia wenye vipawa vyao mashairi na hadithi, nami nimeamua kuandika juu ya injini ya gari. Najua wapo watakaouliza, "Injini na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi?" Jibu langu ni kwamba fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, ilhali kila asubuhi sisi wanafunzi wa kutwa tunapanda matatu ambayo dereva wake, makanga wake na fundi wake wote wanazungumza Kiswahili. Jambo ninalotaka kulieleza linawahusu wao kabla ya kutuhusu sisi. Basi na tulieleze kwa lugha yao.

Swali lenyewe ni hili. Gari linateremka mlima. Dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, lakini gia bado iko ndani, tuseme gia ya tatu. Je, wakati huo injini inakunywa petroli kiasi gani?

Nimewauliza swali hili watu wengi, darasani na stejini, na karibu wote wamenijibu, "Nyingi sana!" Ukiwauliza sababu, wanakuambia usikilize. Na kweli, gari likishuka na gia ndani, injini hunguruma. Sindano ya mizunguko inapanda hadi elfu mbili na ushei, wakati mwingine elfu tatu. Ndiyo maana madereva wengi wakifika kileleni huitoa gia wakaweka nyutro, au "frii" kama wasemavyo makanga wetu. Papo hapo kelele zinaisha. Injini inatulia kama paka aliyeshiba, gari linaserereka lenyewe, na dereva anaona ameokoa pesa za tajiri au zake mwenyewe.

Masikio yake yanamdanganya. Karibu magari yote madogo tunayoyaona barabarani siku hizi, yakiteremka na gia ndani huku mguu umetoka kwenye mafuta, hayanywi petroli hata tone moja. Ni sifuri kabisa. Yakiwekwa nyutro ndipo yanapokunywa. Yaani mambo ni kinyume cha yale tunayoambiwa kwenye viti vya mbele vya matatu.

Najua hamtaniamini hivi hivi tu, kwa hivyo hebu tuanze na injini yenyewe. Ndani ya injini kuna silinda, na ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni ikishuka mara ya kwanza hufyonza hewa na petroli. Ikipanda huigandamiza. Plagi ikitoa cheche, mchanganyiko ule unalipuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Ikipanda tena inautoa moshi nje, kisha kazi inaanza upya. Uwiano wake ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Nguvu za mlipuko ndizo zinazozungusha mtaimbo mkubwa wa injini, na mtaimbo huo huzungusha gia, nazo gia huzungusha magurudumu.

Sasa angalia gari lililowekwa nyutro. Injini imekatwa kutoka kwa magurudumu. Hakuna kitu chochote kinachoizungusha isipokuwa milipuko yake yenyewe, na ikikosa milipuko hiyo itazima mara moja. Kwa hiyo ni lazima ipewe petroli ya kuiweka hai, mizunguko kama 700 hadi 900 kwa dakika, hata kama gari linakwenda kasi namna gani mlimani. Injini haijui kuwa kuna mteremko. Kwayo, kushuka mlima nyutro na kusimama stejini ukingoja abiria ni mamoja.

Gari lenye gia ndani ni tofauti, na tofauti hiyo kila mmoja wetu ameiona kwa macho yake. Nani hajawahi kusukuma matatu asubuhi ya mvua, betri ikiwa imelala? Dereva huwasha swichi, anaweka gia ya pili na kukanyaga klachi. Abiria mnashuka, mnasukuma huku viatu vikizama topeni. Gari likishika kasi kidogo, anaiachilia klachi kwa ghafla. Kitu gani kilichoizungusha ile injini? Starta haikuizungusha, maana betri imekufa. Ni magurudumu! Nguvu za mikono yenu zilipitia kwenye magurudumu, zikaingia kwenye gia, zikafika kwenye injini. Barabara ya gia ni ya kwenda na kurudi. Injini inaweza kuyazungusha magurudumu, na magurudumu yanaweza kuizungusha injini.

Mlimani ni vivyo hivyo, ila anayesukuma si abiria bali ni uzito wa gari lenyewe. Maadamu gia iko ndani na klachi imeachiliwa, injini itazunguka tu, ipewe petroli isipewe. Sasa kama itazunguka hata bila petroli, ya nini kuipa?

Hivyo ndivyo walivyofikiri wahandisi waliotengeneza mfumo wa injekta. Katika gari la injekta, petroli hainyonywi ovyo. Inanyunyizwa na vijibomba vidogo ambavyo hufunguliwa na kufungwa na kompyuta ya gari. Kompyuta hiyo huuliza maswali mawili kila mara. La kwanza, je, dereva ameondoa mguu kwenye mafuta? La pili, je, injini inazunguka kwa kasi zaidi ya kiwango fulani, tuseme mizunguko 1,500? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, inajua gari linateremka au linapunguza mwendo, na inazifunga injekta zote. Mizunguko ikishuka hadi karibu 1,000 au 1,200, inazifungua tena kabla injini haijazima. Viwango hivyo hutofautiana kati ya gari moja na jingine, lakini kanuni ni moja.

"Na ule mngurumo je?" utauliza. Ule ni wa hewa na meno ya gia. Pistoni bado zinapanda na kushuka, zinavuta hewa kupitia mlango ambao dereva ameufunga karibu wote kwa kuondoa mguu wake. Zinahangaika kama mtu anayevuta pumzi huku umemziba pua. Kuhangaika huko ndiko kunakolishika gari lisikimbie ovyo. Nenda kwenye kinu cha kusagia unga wakati mahindi yamekwisha na mwenye kinu hajazima mota. Kelele zipo, tena kali kuliko za awali, lakini hakuna kinachosagwa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa hiyo niliposoma mambo haya sikutosheka, nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali asiye mbali na shule yetu. Ana kile kifaa cha kupimia magari ambacho huchomekwa chini ya usukani, kikaonyesha kwa tarakimu yale yanayotendeka ndani ya injini. Alikuwa na gari la mteja la kujaribu breki, akaniambia, "Ingia nyuma, msichana wangu, ujionee mwenyewe, usije ukasema fundi amekudanganya." Tulipanda hadi juu ya mlima uliopo karibu na soko. Gari likiwa limesimama, injini ikinguruma taratibu, kifaa kilionyesha kwamba kila injekta inafunguka kwa milisekunde 2 na nusu hivi kila inapopata zamu. Kisha tukashuka. Gia ya tatu, mguu nje, mizunguko 2,400. Tarakimu ikaanguka: 0.0. Fundi akakanyaga klachi akatoa gia. Injini ikanyamaza, gari likazidi kasi, na tarakimu ikarudi 2.6. Akaingiza gia tena, 0.0. Alirudia mara tatu mpaka tukafika chini, na mimi nilikuwa nimeishika ile waya mkononi kama niliyeshika mkia wa nyoka.

Tufanye hesabu kidogo, maana mwalimu wetu wa hisabati naye husoma gazeti hili. Injini ndogo ya petroli isiyofanya kazi yoyote ila kunguruma hunywa kama lita 0.8 kwa saa. Nyingine hupungua, nyingine huzidi. Mteremko wa kilomita 10 ukishukwa kwa kilomita 60 kwa saa, unachukua dakika 10. Gawanya 0.8 kwa 6 upate lita 0.133, yaani kiasi kisichofika nusu ya chupa ndogo ya soda. Tukichukua lita moja kuwa shilingi 180, dereva wa nyutro ametumia shilingi 24. Dereva wa gia hajatumia kitu. Shilingi 24 si pesa nyingi, nakubali. Lakini huyu aliyezitumia ndiye aliyedhani anaweka akiba, na tutaona ameweka nini rehani kwa sababu ya akiba hiyo.

Kabla ya hapo ni haki tuwatetee wazee. Imani hii ya nyutro haikutoka hewani. Zamani magari ya petroli yalitumia kabureta, na kabureta haina kompyuta. Ni bomba tu lenye tundu dogo, hewa ikipita inavuta petroli. Gari la kabureta likishuka na gia ndani, pistoni zilivuta kwa nguvu na petroli iliendelea kupita kwenye lile tundu dogo la kuifanya injini ingurume, sawa na ya nyutro na pengine zaidi kidogo. Tena nyingine haikuungua vizuri, ikaenda kulipuka kwenye bomba la moshi. Babu zetu wanakumbuka yale magari yaliyokuwa yakishuka mlima yakipiga "pah! pah!" hadi ng'ombe wakakata kamba. Dereva wa wakati ule aliyezima injini kabisa aliokoa mafuta kweli, ingawa shingo yake ilikuwa hatarini.

Mambo yalibadilika polepole. Gari la Mercedes-Benz 300 SL lilitoka na injekta mwaka 1954, lakini lilikuwa gari la matajiri. Injekta za kuongozwa na umeme zilianza kuenea baada ya mwaka 1967, na sheria za moshi za Ulaya zilipokazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabureta ikaanza kuaga magari mapya. Kwetu Kenya haturuhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, na mengi yanatoka Japani. Kwa hiyo magari ya kabureta yamebaki machache, ya kuhesabika. Kilichobaki tele ni ushauri wa wakati wa kabureta. Dereva alifundishwa na dereva mwenzake, naye alifundishwa na mwingine aliyeendesha gari la mwaka 1975, na hakuna aliyefungua boneti kuangalia kama kabureta bado imo.

Hapa kuna pahali pa kuwa waangalifu. Pikipiki nyingi za bodaboda zingali na kabureta. Wale vijana wanaotushusha mlimani injini ikiwa imezimwa, tukisikia upepo tu masikioni, kuhusu petroli wana haki, wanaokoa kweli. Lakini usiku pikipiki nyingi za aina hiyo zikizimwa injini taa ya mbele nayo hufa, na injini haisaidii tena kuishika pikipiki. Mwenye kupanda na aamue mwenyewe kama anataka kuwa sehemu ya akiba hiyo. Mimi humwambia awashe, na akikataa nashuka.

Sasa tuje kwa malori, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mjomba wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Hutoka Mombasa na kontena akaenda hadi Malaba, na akipita kwetu hutuletea maembe. Siku moja likizo ya Agosti nilimuuliza anavyoshuka milima, akacheka. "Mtoto wa dada, gari ikipata mteremko unaiwacha ijiendeshe. Mafuta ni ya kuhesabiwa." Akanieleza kwamba madereva wengine hupewa kiasi maalum cha dizeli kwa safari nzima. Ukipitisha hapo utajieleza kwa tajiri, na ukibakisha, kilichobaki unajua mwenyewe. Kwa hiyo lita moja kwa dereva wa lori si jambo la kuchezea. Ni karo, ni unga.

Nikamwambia kwamba lori lake halinywi dizeli likishuka na gia. Akanitazama vile mtu mzima hutazama mtoto aliyemwambia jua huzama ziwani. "Na ile kelele yote inatoka wapi?" Unaona, msomaji? Ni ile kelele tena.

Ukweli ni kwamba dizeli ilitangulia petroli katika jambo hili. Injini ya dizeli haikuwahi kuwa na kabureta. Tangu zamani inalishwa na pampu inayopima kila tone, na ndani ya pampu kuna kidhibiti mwendo. Dereva akiondoa mguu na injini ikizunguka kwa kasi kuliko ile ya kusimama, kidhibiti huvuta mafuta nyuma mpaka sifuri. Hakikuhitaji kompyuta, ni vyuma na springi tu. Maana yake, hata lori la miaka ya 1970 lilikuwa halinywi kitu likishuka na gia. Kwa malori, ushauri wa nyutro haujawahi kuwa na faida mlimani hata siku moja.

Hasara yake ndiyo kubwa. Chukua lori la tani 40 pamoja na mzigo, lishuke mahali penye kimo cha mita 200 kutoka juu hadi chini. Tumefundishwa kuzidisha uzito, mvutano wa ardhi na kimo. Kilo 40,000 mara 10 mara 200 ni jouli 80,000,000. Nguvu hizo haziwezi kupotea, lazima ziende mahali. Gia ikiwa ndani, injini inameza sehemu kubwa na kuitoa kwa rejeta na bomba la moshi, hasa dereva akiwasha ile breki ya moshi ambayo malori makubwa huwa nayo. Gia ikiwa nje, kinachobaki baada ya upepo na matairi kuchukua sehemu yao chote kinaishia kwenye breki, na breki hazijui kufanya kitu kingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Jouli milioni 80 zinaweza kuchemsha lita 238 za maji baridi mpaka zitokote, yaani pipa zima na zaidi. Hebu fikiria pipa la maji linalotokota likiwa limefichwa ndani ya vyuma vya breki. Vikishapata moto kiasi hicho havishiki tena. Dereva anakanyaga, mguu unashuka, gari linaendelea.

Wapo watakaosema, "Akiona hivyo si airudishe gia?" Nilimuuliza mjomba swali hilo hilo, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Alisema gia ya lori kubwa si kama ya gari dogo. Ili iingie, kasi ya injini na kasi ya magurudumu lazima zilingane. Lori likishafika kilomita 90 au 100 kwa saa huku injini iko chini, ukijaribu kuingiza gia utasikia meno yakisagana tu, "krrrr", na mkono unatupwa nyuma. Umeshatoka mlangoni na ufunguo umebaki ndani. Wanaozima injini kabisa wamejifungia zaidi, kwani pampu inayojaza upepo wa breki imesimama, na usukani unakuwa mzito kama wa kukokotwa.

Sisi tunaoishi kandokando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hatuhitaji kuelezwa sana. Jina la Salgaa linajulikana nchi nzima kwa ajili ya ajali. Kwa miaka mingi polisi na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama wamekuwa wakitaja malori yanayoshuka nyutro kuwa mojawapo ya sababu kuu za ajali za sehemu ile. Hata mabango yamewekwa kuwakumbusha madereva watumie gia ya chini. Na uzito wa lori ni kitu cha kuogopwa hata sababu iwe nini: tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani likawavamia watu waliokuwa wakichuuza na kungoja magari, na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa watu kama mama zetu, wenye ndizi na viazi vya kuuza.

Mjomba hakuniambia kwamba ameamini. Yeye si mtu wa kushindwa na msichana wa Kidato cha Tatu. Lakini mwezi wa Desemba alipopita alisema, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine, kwamba alishuka safari nzima na gia ya chini na mafuta "hayakusumbua". Kisha akageuza mazungumzo yakawa juu ya maembe.

Nisije nikaonekana nimepamba upande mmoja tu, yako mahali ambapo nyutro ina hoja. Ikiwa mteremko ni mdogo sana, ule ambao hata huuoni mpaka uone maji ya mvua yanakoelekea, gari lenye gia ndani litapungua mwendo, kwa sababu injini inalishika, na dereva atalazimika kukanyaga mafuta tena. Lenye nyutro litaenda mbali zaidi kwa kutumia yale mafuta machache ya kunguruma. Baadhi ya magari mapya ya Ujerumani yenye gia za kujiendesha hufanya hivyo yenyewe. Kompyuta inapima, inaiachilia gia pahali tambarare na kuirudisha mara tu breki inapoguswa. Lakini pale ni kompyuta inayorudisha gia kwa nukta moja, si mkono wa mtu aliyeshtuka. Na kwenye mlima wowote ambao ungelazimika kukanyaga breki, hoja hiyo imekwisha. Kama unakanyaga breki, basi gari lina nguvu za kumwaga, na afadhali uzimwage kwenye injini, ambako ni bure.

Wenye magari ya gia za kujiendesha nao, ambao siku hizi ni wengi kuliko wa klachi, wasidhani haya hayawahusu. Herufi D ikibaki pale pale, kompyuta itakata mafuta vilevile. Mlima ukiwa mkali, washushe hadi L au 2, kama gari lina alama hizo, injini ipate kushika vizuri. N iachwe kwa ajili ya gari linalokokotwa.

Jambo dogo la lugha, maana mwalimu mlezi hatanisamehe nikilipita. Kitendo cha kushuka nyutro tukiiteje? "Kuweka frii" ni maneno ya stejini, na "kuteremka" ni kushuka kokote. Mimi napendekeza kuserereka, kwa sababu kinachoserereka hakina kinachokishika, kama mtoto kwenye ubao uliopakwa sabuni. Gari lenye gia ndani haliserereki. Linateremka, limeshikwa. Mwenye neno bora alilete kwenye mkutano wa Ijumaa.

Na yule ambaye bado ana shaka, ninampa jaribio lisilohitaji kifaa cha fundi. Kesho ukipanda matatu yenye klachi, omba kiti cha mbele. Ikifika kwenye mteremko na dereva akabakisha gia ndani, mtazame anapoondoa mguu kwenye mafuta, kisha itazame sindano ya mizunguko. Sindano ikiwa juu ya 1,500 gari litakuwa limeshikwa imara. Mteremko unapoisha, gari linapungua na sindano inashuka: 1,400, 1,300, 1,200. Mahali fulani hapo, kabla dereva hajagusa klachi, utahisi mshtuko mdogo sana, kama mtu amekugusa mgongoni kwa kidole, na gari linaacha kuvutwa nyuma. Hapo ndipo injekta zimefunguka na petroli imeanza kuingia tena.